Deki ya Kumwona Marko

Gervasi hanunui kitu bila kukinyanyua. Akienda mnadani Katesh, kuku humpima kwa mkono, na jembe hulipima kwa mkono. Hata boga, ambalo mkewe Agatha huridhika nalo kwa kulitazama tu, yeye hulipakata kwanza kama mtoto. Kwake kitu kizito ni kitu cha kweli, na chepesi ni cha kudanganyia watu. Kwa kuku na maboga njia hiyo haijamwangusha. Ndiyo maana alijiamini kupita kiasi siku aliyokwenda kununua deki ya DVD.

Deki hiyo ilikuwa na kazi maalumu. Binti yao Evaline alikwenda Kanada kusomea uuguzi, na huko akaolewa. Mume wake anaitwa Mark, lakini nyumbani Endasak walishamgeuza kuwa Marko. Nauli ya kwenda harusini isingepatikana hata kwa kuuza zizi zima. Basi Evaline aliituma harusi yenyewe, imerekodiwa kwenye CD moja ya DVD. Ililetwa na sista mmoja aliyekuwa anarudi likizo.

Ndugu walikubaliana kukusanyika Jumapili, ili Mzee Tluway, baba yake Gervasi, aibariki ndoa. Mzee hakukataa, ila aliweka sharti.

"Mimi simbariki mtu nisiyemwona," alisema.

Agatha akampa picha ya maharusi iliyokuja pamoja na CD. Mzee aliitazama kwa makini, kisha akairudisha. Alisema huyu wa kwenye picha amesimama tu. Yeye anataka kumwona kijana akitembea, akikaa, akisalimia wakubwa. Hata dume la ng'ombe, alisema, mtu hulitembeza kwanza kabla ya kulinunua.

Simu yao ilikuwa ya tochi, haionyeshi kitu. Televisheni walikuwa nayo, ile ya kichogo, nene kama sanduku, waliyoinunua umeme ulipofika kijijini. Kilichokosekana ni deki.

Gervasi akapanda bodaboda hadi Katesh. Katika duka la vifaa vya umeme alinyanyua deki moja baada ya nyingine, muuzaji akimtazama kwa mshangao. Mwisho alichagua iliyokuwa nzito kuliko zote. Muuzaji aliijaribu kwa CD ya kwaya. Kwaya ikaimba vizuri, rangi zikatoka vizuri. Gervasi akalipa, akaongezewa na ile CD, na kurudi nyumbani amelipakata boksi kifuani.

Jioni hiyo hiyo Mzee Tluway aliketishwa mbele ya televisheni. Agatha akaweka CD ya harusi. Sauti ya kinanda ilisikika safi kabisa, lakini picha ilikuwa haina rangi, na ilikuwa inakimbia. Vichwa vya watu vilipanda juu, vikapotea, vikatokea tena chini. Evaline alionekana amekatika kiunoni. Marko hakuonekana hata pua.

"Zima," alisema mzee. "Kichwa kinanizunguka."

Gervasi alisema kosa ni la umeme. Agatha alisema ni la CD, labda imechubuka njiani. Akaifuta kwa kitambaa laini, wakajaribu tena, picha ikakimbia vilevile. Gervasi akapiga kichogo cha televisheni makofi mawili. Wakaweka CD ya kwaya. Kwaya ikaimba na rangi zake zote, kama inawacheka.

Agatha aliumia sana. Pombe ya Jumapili ilikuwa imeshaanza kuchachuka, na ndugu wa Mbulu walikuwa wameshapata taarifa. Mzee asipomwona Marko, Evaline atakaa kwenye ndoa isiyo na baraka ya babu yake. Usiku ule hakula.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yao Letisia, mwenye kibanda cha kuonyesha video karibu na soko. Letisia huonyesha filamu za kila nchi, na alishaharibikiwa na deki nyingi kabla ya kujua mambo yake. Alikuja, akasalimia, "Shikamoo, Mzee," akaweka CD na kutazama kwa muda mfupi tu.

"Baba Evaline, CD yenu ni nzima," alisema. "Deki ni nzima. Televisheni nayo ni nzima. Ila hawaelewani."

Alieleza kwamba nchi hazikutengeneza televisheni kwa mfumo mmoja. Kanada na Marekani hutumia mfumo unaoitwa NTSC. Sisi hapa tunatumia PAL. Mifumo hiyo hutofautiana katika kasi ya picha na namna ya kupanga rangi. Deki ya Gervasi ilikuwa inasoma CD ya Kanada na kuituma kwenye televisheni kama ilivyo, bila kuibadilisha. Televisheni ya kichogo ya hapa inajua PAL peke yake.

"Ukifunga ng'ombe wawili kwenye jembe moja, mmoja anakimbia na mwingine anatembea, shamba litakuwaje?" aliuliza Letisia.

"Litakuwa kama hiyo picha," alijibu Gervasi, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka.

Kabla ya kuilaumu deki, Letisia alichukua rimoti. Alisema deki nyingine zina sehemu ya kuchagua mfumo, mtu akiweka PAL tatizo linaisha bila kununua kitu. Alitafuta kila mahali. Deki ile haikuwa na sehemu hiyo.

Gervasi akapendekeza kumwomba Evaline atume deki ya huko huko Kanada. Letisia akakataa haraka. Umeme wa Kanada una nguvu ndogo kuliko wetu. Deki iliyotengenezwa kwa umeme wa huko peke yake, ukiichomeka hapa, inaungua.

"Lakini hii ni nzito," alisema Gervasi kwa huzuni.

"Uzito ni bati, Baba Evaline. Bati halibadilishi picha."

Wakaenda Katesh wote wawili, na deki ndani ya boksi lake, na CD ya harusi. Muuzaji alikuwa mwungwana, akakubali kuwabadilishia. Alichukua deki nyingine, akaiunganisha na televisheni kubwa ya bapa na kuweka CD. Gervasi akageuka haraka na kuipa televisheni mgongo. Baba yake ndiye alipaswa kumwona Marko kwanza, na yeye hakutaka kumtangulia.

"Ina rangi?" aliuliza, macho yakiwa mlangoni.

"Ina rangi," alisema Letisia. "Lakini usifurahi bado."

Alimwomba muuzaji atoe televisheni ya kichogo, kama ile ya nyumbani. Televisheni nyingi za bapa, alisema, zinapokea mifumo yote miwili, kwa hiyo zinaweza kuficha upungufu wa deki. Muuzaji akaitoa stoo, akaipangusa vumbi, akaunganisha. Picha ikaanza kukimbia.

Wakajaribu deki ya tatu. Letisia alisoma boksi lake kwanza. Liliandikwa kwamba deki inasoma PAL na NTSC, na inafaa kwa umeme wetu. Kwenye rimoti palikuwa na sehemu ya kuchagua mfumo. Alichagua PAL, na picha ikatulia kwenye kichogo, na rangi zake. Akauliza pia kama inasoma CD za kanda zote. Alimweleza Gervasi kwamba filamu za dukani mara nyingi hupewa namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia. Kanada na Marekani ni namba moja, sisi ni namba tano, na deki ya namba tano tu hukataa filamu ya namba moja. CD ya harusi kwa kawaida haina namba, lakini kesho wangeweza kutumiwa filamu.

Gervasi akapokea deki. Ilikuwa nyepesi kama ungo. Aliona aibu kuibeba barabarani, lakini aliibeba.

Jumapili nyumba ilijaa. Mdogo wake Onesphory, aliyetoka Mbulu, aliinyanyua deki kwa mkono mmoja na kuuliza kama ndani kuna kitu.

"Deki hainyanyuliwi," Gervasi alimkemea. "Deki inajaribiwa. Unakwenda dukani na CD yako mwenyewe. Unaijaribu kwenye televisheni kama ya kwako. Unauliza mifumo, unauliza kanda, unauliza umeme. Kunyanyua ni kwa maboga."

Agatha alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha harusi ikaanza. Evaline alikuwa mzima kuanzia kichwa hadi viatu. Marko alikuwa kijana mrefu, mwekundu wa jua. Alionekana akitembea. Alionekana akimshika bibi mmoja mkono na kumkalisha kwenye kiti, ndipo naye akakaa. Mzee Tluway akasogeza kiti chake mbele. Mwishoni Marko akamsogelea mpiga picha, akatazama moja kwa moja mbele na kusema, polepole kama mtu anayevuka mto:

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba," akajibu Mzee Tluway kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Marko akageuka kumrudia mkewe. Mzee akainuka kwa fimbo yake. "Msimamishe hapo," alisema.

Gervasi akabonyeza rimoti. Marko na Evaline wakasimama kwenye kioo, wametulia, na rangi zao zote. Mzee Tluway akawabariki kwa Kiiraqw, neno kwa neno, na kila alipopumzika watu wote waliitikia. Agatha alilia bila kujificha.

Mzee alipomaliza, akakaa na kumgeukia mwanawe.

"Sasa mwache atembee," alisema.

Gervasi akabonyeza tena, na Marko akaenda kwa mkewe.