Pikapu ya Kupewa

Jua lilikuwa linazama Bisibisi aliporudi kutoka dukani na galoni ya oili mkononi. Duka lenyewe ni mwendo wa dakika tano tu, lakini alitembea kama mtu anayekwenda kupigana. Tangu mchana alikuwa amekasirika, na majirani waliomwona walimsalimia kwa mbali wakapita zao.

Jina hilo alipewa utotoni, kwa sababu kila kilichoharibika ndani ya nyumba alikifungua kabla mkubwa hajauliza kimeharibika nini. Sasa alikuwa fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma kwenye uwanja wa nyumba aliyoishi na mama yake. Wiki tano zilizopita kaka yake mkubwa, dereva wa miaka mingi, alimletea pikapu yake ya zamani akauweka ufunguo mezani.

"Chukua, mdogo wangu. Bure kabisa. Ubebee mageti yako."

Kaka huyo hakuwahi kumpa hata sindano. Lakini mama alikuwa amekaa pale pale, akasema, "Pokea, mwanangu. Sema umepokea."

Bisibisi akasema amepokea. Kaka akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, na akiwa tayari mlangoni akaongeza neno moja.

"Ile ngao ya mbele usiitoe."

Ngao yenyewe ilikuwa mabomba manene ya chuma yaliyochomelewa mbele ya bampa, kazi ya hovyo, kama imefanywa na mtu aliyefumba macho. Bisibisi aliiacha kwanza, akashughulika na mengine. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli na mswaki wa zamani mpaka kila kitundu kikapitisha mwanga. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, akaongeza jani moja la chuma kila upande. Sakafu ya mbao iliyooza aliing'oa, akaweka bati nene, na juu ya kichwa cha gari akachomelea keria ya kulazia mageti marefu. Pikapu ikapendeza, hata wateja wakamwuliza ameinunua wapi. Tatizo lilibaki moja. Kila ikienda mbali ilichemka, na injini ilikuwa inagonga. Ko, ko, ko. Alitafuta chanzo mpaka akachoka. Mwisho akaona ile ngao imeziba rejeta, hewa haipiti.

Basi mchana ule aliwasha grinda akaikata.

Bomba la katikati lilipoachia, kitu kilidondoka kutoka ndani yake. Kilikuwa fundo la nywele za mtu, limefungwa kwa uzi mweusi pamoja na kipande cha gauni la maua. Kipande kilikuwa kimekakamaa kwa damu iliyokauka. Cheche za grinda zilikuwa zimeunguza zile nywele, na harufu yake ikamwingia puani isitoke.

Bisibisi hakuwa mtu wa kukimbia. Alitukana, tena matusi ya nguoni. Nani huyu anayemfanyia uchawi kwenye gari lake mwenyewe, ndani ya chuma alichokikata kwa mkono wake? Alilitupa lile fundo kwenye moto wa takataka, akamwaga oili chakavu ya injini, ndipo akaenda dukani kununua mpya.

Sasa amerudi, na mbele ya pikapu amesimama mtu.

Mwanamke. Amempa mgongo. Kiganja chake kiko juu ya boneti, kama anayepima homa ya mtoto.

"Za jioni, dada," Bisibisi alisema. "Nikusaidie nini?"

Mwanamke hakugeuka. Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtu aliyekauka koo.

"Inagonga?"

"Inagonga kidogo. Naijaza oili mpya sasa hivi, itaacha."

Harufu ya tope la mtaroni ikapanda taratibu, ikaifunika ile ya nywele.

"Mimi ilinigonga," mwanamke alinong'ona.

Ndipo Bisibisi alipoliona gauni. Lilikuwa la maua. Upande wa chini lilikuwa limekatwa, na kipande kilichokosekana kilikuwa saizi ya kile alichokitupa motoni. Alipepesa macho mara moja tu, na mbele ya gari hapakuwa na mtu tena. Juu ya boneti paliachwa alama ya kiganja, ya maji machafu. Na injini, isiyo na tone la oili, ufunguo wake ukiwa mfukoni mwake, ikagonga.

Ko.

Ko.

Ko.

Mama alikuwa jikoni anaosha sufuria. Bisibisi alisimama mlangoni, pumzi zikimpanda.

"Mama, kuna mwanamke uani. Amenisemesha, kisha hayupo."

Mama hakuuliza mwanamke gani. Sufuria ilimponyoka ikazama kwenye beseni.

"Umeitoa ngao?"

Bisibisi alikuwa hajataja ngao. Aliingia, akasimama mbele ya beseni.

"Mama. Unajua nini kuhusu ile gari?"

"Ilikuwa bahati mbaya," mama alisema akiwa ameinamia maji. "Kaka yako alimgonga mtu, miezi minane iliyopita, barabara ile ya kiwandani. Hakukuwa na shahidi. Tangu hapo akawa hapati usingizi. Kila akiingia kwenye gari, yule mtu amekaa pembeni yake. Akaenda kwa mganga. Mganga akamfunga marehemu ndani ya chuma, lakini akasema kifungo hakidumu. Gari lazima lipokelewe na mtu wa damu yetu, kwa hiari yake, bila kutoa kitu. Marehemu atamfuata huyo, amwache kaka yako."

"Na ukasema nipokee."

"Wewe una roho ngumu, mwanangu. Tangu utoto. Nilijua utamhimili."

"Angeniua, je?"

Mama alifuta mikono kwenye gauni lake. Alijibu polepole, kama anayemweleza mtoto hesabu nyepesi.

"Yeye ana watoto wanne. Wewe huna."

Bisibisi alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Miaka tisa alimlea mama huyu. Paa alilipaua yeye, kitanda alikichomelea yeye, dawa za presha alizifuata yeye. Kumbe siku zote alikuwa akihesabiwa kama kuku wa kafara, bora amepatikana karibu.

Alirudi uani. Alifungua kifuniko cha injini akamimina oili, galoni nzima, bila kumwaga hata tone pembeni. Kisha akafungua mlango wa abiria, akausimamia wazi kama dereva wa bosi.

"Ingia," aliiambia hewa. "Kama una ugomvi na aliyekuua, twende nikupeleke. Mimi na wewe hatudaiani."

Siti ilibonyea.

Kwa kaka ni mwendo mfupi. Njia nzima hakugeuza shingo. Aliona tu kwa pembeni kioo cha upande wa abiria kikipata ukungu, kikikauka, kikipata tena, kama kuna mtu anayekihemea. Kaka alikuwa amekaa kibarazani anavua viatu. Mkewe alitoka ndani kumpokea Bisibisi kwa tabasamu.

"Karibu, wifi. Na huyo mgeni wako mbona humteremshi?"

Kaka akainua uso. Aliitazama siti ya abiria, akatazama bampa isiyo na ngao. Kiatu kilibaki mkononi.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Panda."

"Mdogo wangu, sikiliza..."

"Panda, au nimweleze mkeo hapa hapa, na watoto wasikie."

Alipanda nyuma, kwenye bati jipya, akashikilia keria kwa mikono miwili. Bisibisi alielekeza gari barabara ya kiwandani, na baada ya kona ya kwanza akagundua hana haja ya kujua njia. Usukani ulikuwa unakata wenyewe. Aliuachia kidogo kuujaribu, na pikapu ikaendelea sawasawa, ikapunguza mwendo ilipotaka, ikasimama kando ya kalavati lililozibwa na majani. Mwanga wa mwisho ulikuwa bado angani.

Kaka alishuka, akakaa chini.

"Hapa," alisema. "Nilimsukumia humu ndani. Sikuchagua mahali. Gari ilisimama yenyewe, nikaona... nikaona ni pazuri."

"Alikuwa amekufa?"

Kaka alilitazama kalavati.

"Nimekuuliza. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anaomba maji," kaka alisema. "Nilikata kipande cha gauni kumfunga jeraha. Halafu nikaogopa."

"Kipande hicho hicho, na nywele zake, ukampelekea mganga."

Kaka akafunika uso. Bisibisi alimpiga kofi moja, la mkono unaobeba mageti, na halikumsaidia chochote. Mkono ulimuuma tu. Alitoa simu akawapigia polisi mwenyewe, akataja jina la kaka yake lote, herufi kwa herufi, na sauti yake haikutetemeka.

Wakati anaongea, mlango wa abiria ulifunguka.

Hakuna aliyeugusa. Ulifunguka taratibu, kisha ukafungwa kwa adabu, kama afanyavyo mtu aliyepewa lifti. Majani ya mtaroni yakainama, moja baada ya jingine, kuelekea kwenye kalavati. Harufu ya tope ikakata ghafla.

"Pole, dada," Bisibisi alisema.

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Ilikuwa laini kama cherehani.

Asubuhi ya pili aliitwa kituoni kuandika maelezo. Mama alifuatana naye bila kualikwa, akakaa kwenye benchi la nje. Mpelelezi, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka. Kisha akafunga faili.

"Umesema kaka yako aligonga mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Na yeye anasema mmoja. Tumechimba kalavati zima, dada. Tumetoa watu watatu. Mmoja ndiye huyo wa gauni. Wengine wawili ni mifupa mitupu. Daktari anasema wana zaidi ya miaka sita humo."

Kaka alikuwa na ile pikapu kwa miaka mitatu tu.

Bisibisi alimwomba mpelelezi dakika moja na kaka yake. Walimleta dirishani, mashavu yamebonyea kwa siku mbili kama ya mtu aliyeugua mwezi. Bisibisi hakumsalimia.

"Pikapu uliinunua kwa nani?"

Kaka alishika nondo za dirisha, akazitazama. Zilikuwa zimechomelewa vizuri.

"Sikuinunua," alisema. "Nilipewa na mjomba. Alikuja nayo kwangu, yeye na mama, akaweka ufunguo mezani. Mama akaniambia nipokee."

Bisibisi alitoka nje akasimama mbele ya benchi. Mama alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Mimi sikujua, mwanangu. Nakuapia. Kaka yangu aliniambia ni zawadi kwa mpwa wake. Mwaka huu ndiyo nilijua, kaka yako alipopatwa na hayo. Nilimwendea mjomba wako, nikalia mbele yake. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwa mganga. Alisema hivyo ndivyo alivyofanya yeye."

"Mjomba yuko wapi?"

"Wifi yangu kapiga simu leo asubuhi." Mama aliangalia pembeni. "Anasema juzi magharibi walikuja wageni wawili mlangoni, watu asiowajua. Walisema gari lao limekwama. Mjomba wako akatoka kuwasukumia."

"Akarudi?"

Mama alitikisa kichwa.

"Na hao wageni walikuwa na gari gani?"

"Wifi alichungulia dirishani. Anasema hakuona gari."

Alinyoosha mkono kutaka kumshika bintiye, akilia kwa sauti ndogo, sauti ambayo siku nyingine yoyote ingemvunja Bisibisi moyo. Siku ile haikumvunja. Alikaa kwenye benchi lile lile, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na hakuna kati yao aliyethubutu kusogea kuijaza.