Bomba la Urefu wa Viviane

“Mutoto muzima, Papa Viviane! Unapima mutoto muzima na kamba?”

“Nimupime na nini? Meta ya kupimia tuliuzisha, tukanunua unga. Na unga ya ile meta, weye ndiye ulipika.”

“Nilipika, ndiyo. Lakini sikukuambia ulete kamba ya maiti juu ya mwanangu.”

“Maiti gani? Hii kamba ilikuwa ku shingo ya mbuzi ya Mama Rosalie. Labda kesho mwanako atalia mee.”

Viviane alitaka kucheka, lakini alikuwa ameambiwa asitikisike. Alisimama wima, mgongo kwenye mlango wa Land Cruiser ya mgeni, kisigino kikikanyaga fundo kwenye ncha ya kamba. Baba yake, Hilaire, aliivuta kamba hadi utosini mwake, akafunga fundo la pili. Mama yake, Emérance, aligeuka akarudi kwenye jiko lake la makaa, mwiko mkononi, hataki kuona.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya chimni za kiwanda. Mwaka huo hazikutoa moshi tena.

Mtaani kwao, mjini Likasi, mtu alipimwa kwa kamba mara moja tu. Akishakufa, ndugu walimlaza, wakampima kutoka kisigino hadi utosi, wakafunga mafundo mawili na kumpelekea seremala kamba hiyo ili ajue urefu wa sanduku. Siku ya maziko kamba ilitupwa kaburini pamoja na mwenyewe. Haikubaki nyumbani. Haikuachwa mkononi mwa mtu.

Hilaire aliyajua hayo. Lakini unga wa mteja ulikuwa umeshafika.

Mteja mwenyewe alijiita Germain. Alikuja Jumanne, saa za jioni, suruali imelowa hadi magotini ingawa barabara ilikuwa kavu. Alisema ananunua mahindi ng’ambo ya mto Lufira, daraja limeanguka, na sasa anavuka kwa magurudumu, chini ya bwawa la Koni, mahali ambapo maji yanapita juu ya boneti. Alitaka bomba. Injini huvuta hewa kama mtu, na ikivuta maji hufa papo hapo. Basi alitaka pua ya gari ipandishwe, itoke ubavuni, ipite kando ya kioo, iishie juu ya paa.

Alizungumza polepole, akikata maneno, kana kwamba kila neno analiazima mahali.

“Bomba yote... toka ku injini... mpaka ku mudomo yake... iwe urefu ya huyu.”

Akamnyooshea Viviane kidole.

Hilaire alicheka. Wateja aliwazoea. Miaka kumi na minane alikuwa fundi katika gereji ya kampuni, mpaka mishahara ilipokatika na gereji ikafungwa kufuli. Sasa alitengeneza magari uani kwake, na Viviane alimsaidia, kwa sababu shule nayo ilikuwa imefungwa tangu walimu waache kuja. Gunia la unga lilipotua mlangoni, Hilaire hakuuliza maswali. Siku hiyo hiyo walisonga bukari, wakala wakashiba.

Kesho yake umeme uliporudi, alichomelea. Bomba lilikuwa chuma cha zamani, nene kama mkono wa mtu mzima. Kwenye maungio alivisha mpira wa tairi na kuukaza kwa waya. Germain alikuja kutazama. Mpira ukashika moto kidogo, moshi mweusi ukajaa uani. Hilaire alikohoa. Viviane alikohoa hadi machozi. Majirani walikohoa nyuma ya ukuta.

Germain alisimama katikati ya moshi ule, mdomo wazi, akitazama.

Hakukohoa.

“Kesho jioni... nitakamata motokari,” alisema. “Na kamba... usitupe.”

Alipoondoka, lilibaki jaribio. Kila fundi analijua: unawasha injini, halafu unaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ikikosa hewa, inakohoa na kuzimika, na hapo unajua bomba limekaza. Isipozimika, kuna tundu. Inavuta hewa mahali pengine, na hapo pengine ndipo maji yatakapoingia.

Hilaire aliwasha injini, akapanda kwenye bampa. Viviane alikuwa hatua kumi kutoka hapo, ameinama juu ya sahani kubwa, anachambua majani ya sombe.

Baba akaweka kiganja.

Injini haikuzimika.

“Inavuta hewa fasi gani tena?” Hilaire alinung’unika, akakandamiza zaidi.

Viviane aliachia majani. Alitaka kuvuta pumzi, haikuja. Haikuwa kama kukabwa. Hakuna kitu kilichomgusa. Kifua kilipanda, mdomo ulifunguka, na hewa yote ya uani ikakaa pale pale nje yake. Aliinua mkono kumwita baba. Baba alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameongeza kitambaa juu ya kiganja, na juu ya kitambaa kiganja cha pili.

“Bado,” alisema Hilaire. “Bado tu! Hii motokari inapumulia wapi?”

Masikio ya Viviane yakajaa maji. Chimni, ukuta, sahani ya sombe, vyote vikawa vyeusi...

Mwiko ulianguka.

“Toa mukono! Papa Viviane, toa mukono!”

Alitoa. Hewa ikamwingia Viviane kwa mlio, naye akaanguka ubavu juu ya majani. Mdomoni alisikia ladha ya tope.

Hilaire alishuka, akamtazama binti yake, akatazama viganja vyake viwili. Kisha akafanya jambo ambalo Emérance hakumsamehe upesi: alipanda tena, ili apate kuamini, akaweka kidole kimoja tu kwenye mdomo wa bomba. Viviane alishika koo. Akakiondoa kidole kana kwamba kimeungua.

Alizima injini. Akachukua spana aling’oe bomba lote. Alipolegeza waya wa kwanza, damu ilitoka puani kwa Viviane. Alipoukaza tena, damu ilisimama.

Hakuna aliyelala vizuri. Kulipokucha Hilaire alitaka kukimbilia kwa padri, kisha kwa askari, kisha kwa kaka yake huko Kapolowe. Kila mahali alipopataja alikaa tena kwenye kiti.

“Tutamurudishia unga yake,” alisema mwishowe.

“Ile tuliyokula pia?” Emérance aliuliza.



Emérance alikuwa mwanamke mfupi. Mwaka huo Viviane alimpita shubiri nzima, na kila asubuhi mama alimtania: “Weye, unakula bukari gani kwa siri?” Asubuhi hiyo hakutania. Viviane alimwona nyuma ya nyumba, ameegemea fremu ya mlango, miguu pamoja, kamba imebanwa chini ya kisigino chake. Alikuwa anafungua fundo la juu kwa meno. Akafunga jingine, chini zaidi. Viviane alidhani anajaribu kuiharibu.

Kisha Emérance alikwenda uani, akaweka mkono wake kwenye ncha ya bomba, kidole gumba huku, kidole kidogo kule.

“Kata hapa. Shubiri moja.”

“Juu ya nini?” Hilaire alitaka kujua sababu.

“Alitaka urefu ya Viviane. Usimupe urefu ya Viviane. Kata.”

Hilaire alikata kwa msumeno, taratibu, akimtazama binti yake kila mara. Viviane hakusikia maumivu. Alisikia kitu kizito kinainuka kutoka kifuani mwake, kama paka anayehama kitanda. Kipande cha chuma kilianguka chini. Ndani yake kulikuwa kumelowa.

“Washa,” alisema Emérance. “Minye ndiye nitaziba.”

Alipanda bampa mwenyewe, akaweka kiganja. Viviane alivuta pumzi. Ikaingia. Akavuta tena, akaanza kulia kwa furaha.

“Injini haizimike,” alisema Hilaire, uso umekunjamana.

Emérance aliondoa kiganja, akawapa mgongo, akakohoa kwa muda mrefu.

“Moshi tu,” alisema. “Acha mambo ya injini. Mwanako anapumua.”

Jioni Germain alikuja kwa miguu. Suruali imelowa. Alizunguka gari mara moja, akapitisha kidole kwenye mkato mpya wa bomba. Viviane alitazama kutoka dirishani, ameshika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

“Kamba,” alisema Germain.

Emérance alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake. Germain aliilaza juu ya bomba, kona kwa kona, fundo hadi fundo. Vilikuwa sawasawa. Akamtazama Emérance, kutoka visigino hadi kilemba, bila haraka.

“Aksanti, mama.”

Aliifunga kamba kwenye usukani, akaondoka.

Walikula mapema. Hilaire alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka gerezani. Alisema mambo ya kipumbavu, akaigiza mbuzi wa Mama Rosalie, na Viviane alicheka hadi akapaliwa. Emérance hakugusa chakula. Viviane alipokuwa anaosha sahani, mama yake aliomba kukalishwa karibu na ukuta.

“Mama, unaumwa?”

“Hapana. Keti hapa.”

Harufu ilikuja kwanza. Tope. Majani yaliyooza. Kilemba cha Emérance kilianza kuwa cheusi kwa unyevu, kutoka ndani kwenda nje. Pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi. Hilaire alisimama, akakaa, akasimama. Alifungua dirisha, akampepea kwa sahani. Viviane aliweka sikio kwenye kifua cha mama yake.

Mbali sana... chini ya mluzi... kulikuwa na sauti nyingine.

Ndani ya kifua cha mama yake, injini ilikuwa inanguruma.

“Papa, anavuka mto,” Viviane alinong’ona. “Anavuka sasa hivi.”

Ndipo alipoelewa fundo, na fremu ya mlango, na shubiri: mama alikuwa amejipima mwenyewe. Alishika mkono wa mama yake.

“Mama, juu ya nini?”

“Shule... itafunguka... siku moja,” alisema Emérance. Na yeye sasa alikuwa anakata maneno.

Sauti ile ilizama, ikawa nzito, ikawa kama mapovu. Macho ya Emérance yalifunguka. Hewa haikuingia. Hilaire alikuwa akisema jina lake, Emérance, Emérance, jina ambalo tangu Viviane azaliwe hakuwahi kulitumia. Viviane alihesabu hadi arobaini, kisha akaacha, kwa sababu hakutaka kujua.

Kimya.

Kisha mluzi, mwembamba kama uzi. Kisha mwingine. Injini ilipanda kilima fulani, ikafifia, ikapotea. Emérance alibaki hai, midomo ya kijivu, akivuta kila pumzi kwa kazi, na mkono wake haukupata joto usiku mzima hata walipoulaza karibu na makaa.

Asubuhi mvua ilikuwa imeanza, mvua nene ya Januari. Mtu alibisha hodi. Mara tatu, bila haraka. Viviane alimshika baba yake shati.

“Usifungue, papa.”

“Atabisha mpaka lini?”

Hilaire alifungua mlango. Alikuwa mrefu kuliko wote katika mtaa ule, na ilimbidi ainame, kama kila siku, ili kichwa chake kipite. Kizingitini kulikuwa na gunia jipya la unga. Nyuma ya gunia alisimama Germain, maji yakimtiririka, ile kamba mkononi. Mafundo yote mawili yalikuwa yamefunguliwa.

“Tulivuka muzuri, fundi. Lakini mvua inanyesha kule juu... maji itapanda. Tuongeze bomba.” Alimtazama Hilaire, kutoka visigino, polepole, hadi pale alipoinama. “Simama wima, tafazali.”