Mwili Uliozoea Baridi ya Iyunga

Kila asubuhi kule Iyunga, Mbeya, Anjela alikwenda shamba amevaa sweta. Alilima kwa kasi ili apate joto. Marehemu mama yake ndiye aliyemzoesha. "Usiinue mgongo kabla ya kumaliza tuta," alikuwa akimwambia. Wakimaliza, mama alimmiminia chai ya moto huku ukungu ukiwazunguka. Kiu ya maji hawakuijua sana.

Desemba moja Anjela aliteremka Rujewa, bondeni kwenye joto. Dada yake Happy alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hakuweza kuinama. Miche ya mpunga ilikuwa inakomaa kitaluni. Ikichelewa kupandikizwa, familia ingekosa chakula cha mwaka.

"Nitaimaliza mimi, dada. Wewe nyonyesha," Anjela alisema.

Akaingia jarubani, kwenye maji ya shamba la mpunga, na sweta lake. Alipandikiza bila kupumzika, kama zamani na mama. Jua lilipofika utosini, kichwa kilimgonga. Kichefuchefu kikamshika. Akakaa kitako kwenye tope.

Jirani yao, Mama Hanifa, mhudumu wa afya, alimwona. Alimkokota hadi kivulini, akamvua sweta. Akalowesha kanga yake mwenyewe, akamfunika shingoni na kumpepea. Kisha akamnywesha maji kidogo kidogo.

"Mwanangu, umekuja kupanda mpunga au kujipika?"

Anjela alicheka kinyonge. "Kwetu tunafanya hivihivi, mama. Mbona sijawahi kuanguka?"

"Kwenu baridi inakusaidia. Hapa mwili unajipoza kwa jasho. Jasho linatoka na maji na chumvi. Usipovirudisha, joto linakuzidi. Mwili wako bado mgeni, unahitaji wiki moja au mbili kuzoea."

"Wiki mbili! Na miche je?"

"Utafanya kazi, ila kidogo, ukiongeza kila siku. Anza alfajiri. Jua likiwa kali, pumzika. Vaa nguo nyepesi na kofia. Kunywa maji kabla ya kiu, na chakula kiwe na chumvi. Lakini mtu akichanganyikiwa au akizimia, mpoze na umkimbize hospitali hapohapo."

Jioni Anjela alimkumbuka mama. "Angeniona nimekaa kivulini, si angenisema?"

"Angekuletea maji," Happy alijibu.

Kesho yake Mama Hanifa alikuja na wanawake wawili, hawakuitwa na mtu. Walipokezana kupandikiza. Kila siku Anjela aliongeza muda kidogo, na kichwa hakikumuuma tena. Miche yote ikapandwa kwa wakati.

Baada ya mavuno, Mama Hanifa alipanda Mbeya kumsalimu Anjela, kikapu cha mchele mpya kichwani. Anjela alimpokea stendi, lakini katikati ya kilima mgeni alisimama akihema.

"Jamani, nimezeeka?"

"Hapana, mama. Huku juu hewa ni nyepesi. Mapafu na moyo vinafanya kazi zaidi. Wageni wote wa bondeni wanahema hapa. Ukikaa siku kadhaa utazoea."

Anjela akaupokea mchele. Wakapanda taratibu, wakisimama kila Mama Hanifa alipotaka.