Binti wa Mshonaji na Kidonge Alichonyimwa

Kila asubuhi muuza dawa alifungua duka, akapangusa kaunta, akamsalimia mshonaji wa mlango wa pili. Binti wa mshonaji alikuwa akisomea ualimu. Alipenda kupita dukani na kumtania muuza dawa kuhusu kitambi chake.

Siku moja alikuja bila utani.

"Mjomba," alinong'ona, "jana kondomu ilipasuka. Nisaidie kile kidonge cha dharura."

"Mimi siuzi dawa ya kutoa mimba!" muuza dawa alimjia juu. "Namwogopa Mungu, na sheria naiogopa."

Binti aliinamisha kichwa, akaondoka.

Miezi miwili baadaye walimzika. Alikuwa amepata mimba, akaitoa kwa siri kwa mtu asiye daktari. Alivuja damu siku mbili chumbani, akiogopa kwamba akienda hospitali atakamatwa.

Baada ya maziko, muuza dawa alifunga duka mapema. Alimwendea muuguzi wa zahanati, akamweleza yote.

Muuguzi alishusha pumzi. "Ndugu yangu, dawa ile haitoi mimba. Inachelewesha yai lisitoke, ili mbegu zisilikute. Mimba ikishatunga, haiiondoi."

"Kwa hiyo nilimnyima bure?"

"Ulimnyima bure. Humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya siku tatu. Nyingine hufaa hadi siku tano. Si kila mara inazuia, lakini mara nyingi inazuia. Kutoa mimba watu wanabishania, na sheria ina masharti yake. Hiki ni kitu kingine. Na mtu akivuja damu, hata kama aliitoa mimba, akimbizwe hospitali. Kazi yetu ni kutibu."

Muuza dawa alikwenda moja kwa moja kwa mshonaji.

"Dada, mtoto alikuja kwangu mapema kuomba kidonge cha kuzuia mimba. Nikamfukuza kwa kutojua."

Cherehani ilisimama. Machozi yalimtiririka mshonaji, wala hakuyafuta.

"Msamaha leo sina," alisema. "Lakini akija mtoto wa mwenzangu, usimfukuze."

Wiki hiyo hiyo muuza dawa aliagiza vidonge vile. Wa kwanza kuja alikuwa mama wa watoto wanne, aliyesahau sindano yake ya uzazi wa mpango. Muuza dawa alimvutia kiti, akampa kidonge na kumweleza taratibu namna kinavyofanya kazi.

"Hedhi ikichelewa wiki nzima, nenda ukapime mimba," alimwambia.

Mwezi uliofuata mama yule alirudi kushukuru. Hedhi ilikuja kama kawaida. Muuza dawa aliitikia vizuri, akaingia stoo, akalia.