Ufunguo wa Marehemu

"Barua yako imegoma kufunguka," Mhasibu alimwambia kwa simu. "Inasema haikuandikwa kwa ajili yangu."

Fundi alicheka. Yeye ndiye aliyetunza mitambo ya barua pepe katika ofisi ya mawakili, na Mhasibu, mchumba wake, alikuwa tawi la pili, ng'ambo ya mji. Barua zote za ofisi zilikwenda zimefungwa. Kila mfanyakazi alikuwa na cheti cha kidijitali, ambacho wenzake walikitumia kumfungia barua, na ufunguo wa siri wa kuzifungulia. Asiye na ufunguo aliona herufi zilizovurugika tu.

"Angalia saa ya kompyuta yako. Ikipotoka, cheti huonekana kimepitwa na muda."

"Saa iko sawa. Wewe ndiye wa kuangaliwa."

Akaangalia. Cheti cha Mhasibu kilikuwa hai na anwani ilikuwa sahihi. Lakini barua yenyewe, ile ya kumwambia kuwa wazee wameridhia ndoa, ilikuwa imefungwa kwa cheti cha mtu mwingine. Alisoma jina, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Lilikuwa jina la marehemu mkewe.

Chumba kikanuka kafuri, ile aliyooshewa siku ya mazishi.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa karani hapohapo. Enzi za uchumba wao waliandikiana kwa barua hizohizo zilizofungwa, wenzao wakidhani wanachapa kazi. Barua za mkewe zilianza kwa "Baba Waya", jina ambalo halikujulikana na mtu mwingine duniani. Nakala za Fundi ziliharibika pamoja na diski. Zilizobaki zilikuwa katika sanduku la barua pepe la marehemu, na ufunguo wa marehemu peke yake ndio uliozifungua.

Taratibu zilitaka cheti cha mfanyakazi aliyefariki kibatilishwe siku hiyohiyo. Fundi alikwisha kubatilisha cha dereva na cha mpokea wageni bila kutetemeka. Kwa mkewe mkono ulikataa. Kila muda wa cheti ulipokaribia kwisha alikihuisha mwenyewe, akitia sahihi kuthibitisha kwamba mwenye cheti yupo. Hakuona kosa. Alizisoma zile barua kama wengine wanavyozuru kaburi.

Sasa akakiondoa cheti kile penye jina la Mhasibu, akaandika barua upya. Kikarudi. Akakiondoa tena. Kikarudi, na nyuma yake, kwenye meza aliyokuwa akikaa mkewe, ambako hapakuwa na mtu, kibodi ikaanza kugonga polepole.

Kesho yake mchana Mhasibu alikuja mwenyewe. Alifunga mlango kwanza.

"Mkeo alifariki kweli?"

"Nilimshusha kaburini kwa mikono yangu."

"Basi soma." Akamfungulia kompyuta yake ndogo. Barua ilikuwa na alama ya kijani: sahihi ya marehemu, imethibitishwa. *Mume ni wangu. Cheti changu kiko hai. Chako kitaisha lini?*

"Nilidhani ni mzaha wako, nikakununia," Mhasibu alinong'ona. "Mimi nimewaonea wivu wanawake wengi, lakini wote walikuwa wanapumua. Halafu jana, watu wamejaa ofisini, mkono ukaingia kwenye nywele zangu kwa nyuma, taratibu, kama mtu anayetaka kunisuka." Akashusha mtandio. Kisogoni palikuwa na kiraka kitupu, chekundu. "Na nikitaka kukutaja jina, pumzi inakatika. Sema unamchagua nani, wakati bado ninaweza kukusikia."

Fundi akamwita mjomba wake, aliyekuwa akisomea wagonjwa Kurani. Mjomba alikaa kwenye kiti cha marehemu, akasoma, akatega sikio, akasoma tena, kisha akajifuta jasho.

"Mpwa wangu, mkeo yuko kwa Mola wake, hana haja na uchumba wako. Huyu ni jini. Amekuta mlango wazi na jina limetundikwa juu yake, akaingia, akazoea kusomewa mapenzi. Nikimwambia atoke, ananiambia ana cheti, na wewe ndiye uliyemtilia sahihi." Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii sijaona jini mwenye vyeti. Kibatilishe. Na ufunguo uufute, usibaki."

"Barua zake, mjomba."

"Zitakwenda."

"Nisome moja tu."

"Ukisoma, yeye ndiye atakayekujibu."

Mjomba akafumba macho, akaanza dua. Fundi akauinamia mtambo, na alipoandika penye sababu ya kubatilisha kwamba mwenye cheti amefariki, kafuri ikapanda hadi machozi yakamtoka, kibodi ya meza ile ikagonga kwa kasi, taa zikafifia, pumzi baridi ikatua shingoni mwake, na sauti aliyoilalia na kuiamkia miaka yote ya ndoa yake ikamwambia sikioni, kwa upole uleule wa zamani, "Baba Waya, unanizika mara ya pili?", naye akalia, akabonyeza, kisha akabonyeza tena ufunguo ufutike.

Kimya. Hewa ikawa safi. Barua za mkewe ziligeuka herufi zilizovurugika.

"Umefuta zote? Hakuna nakala?"

"Zote, mjomba."

Mjomba akamshukuru Mungu, akaenda zake. Fundi akapapasa mfuko wa shati. Flashi ilikuwamo, na nakala ya ufunguo ndani yake. Hatazisoma, alijiambia. Atakuwa nayo tu.

Simu ikalia.

"Imefunguka," Mhasibu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu juzi alikuwa akicheka. "Nimekutaja jina mara kumi, pumzi iko palepale. Kumbe unajua kubembeleza hivyo?"

"Barua ipi?"

"Hii uliyonitumia sasa hivi, nikiwa njiani. Ina sahihi yako, kijani kabisa. Unasema nije nyumbani kwako peke yangu, tufunge mlango. Ila hapa mwisho umejiita Baba Waya. Nani alikupa jina hilo?"

Fundi alikuwa bado ofisini, mbele ya mtambo. Flashi ilikuwa imeanza kupata joto juu ya moyo wake, na shati lilinuka kafuri.

"Haya basi," Mhasibu akasema. "Niko hapa mlangoni kwako. Mbona umenifungulia mlango huna simu mkononi, na bado naongea nawe kwa simu?"