Aliyefuta Faili la Rula

Jumatatu, saa mbili asubuhi, kompyuta ya sebuleni ilimwambia Rula jambo lisilowezekana. Kisanduku cheupe kilitokea katikati ya kioo: Programu haiwezi kuanza kwa sababu faili moja la msaada halimo kwenye mashine hii.

"Halimo vipi?" Rula aliiuliza mashine, kikombe cha chai mkononi. "Jana jioni lilikuwemo."

Watu walimwita Rula kwa sababu alichora ramani za majengo, na kwa sababu mstari wake haukupinda hata akichora kwa mkono mgongoni mwa bahasha. Wiki ile alikuwa na ramani ya wodi ya wazazi, vyumba kumi na viwili. Ofisi ya wahandisi ilimpa hadi Alhamisi, saa kumi alasiri. Ramani ikikubaliwa, angepata meza yake ofisini pale. Isipokubaliwa, angerudi kuwachorea majirani mabanda ya kuku.

Programu ya kuchorea ya aina ile haiji na kila kitu. Huegemea mafaili madogo yanayoishi ndani ya mashine, kama mpishi wa kuazimwa anayetegemea kukuta jiko na maji. Likikosekana moja tu, mpishi anavua aproni anaondoka.

"Washazima!" aliita.

Mumewe alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ambako aliitwa zaidi kung'oa karatasi zilizokwama kwenye printa. Jina la Washazima alilipata kwa sababu dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ilikuwa kuzima na kuwasha. Alitokea chumbani upesi mno, shati limeshafungwa vifungo, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuitwa.

"Niachie mimi, mke wangu. Haya si mambo ya penseli."

Dakika tano, programu ikafunguka. Rula alimpiga begani kwa furaha. "Bila wewe ningefanyaje?"

"Ndiyo ujue," alisema Washazima, kifua kimemjaa.

Bila yeye Rula angefanya vizuri sana. Faili lile lilifutwa na Washazima mwenyewe, alfajiri ile ile, mkewe akiwa bado usingizini. Na hakulifuta kwa bahati mbaya. Wiki iliyopita mhandisi mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kengele, alimpigia Rula simu na kumwambia, "Mikono yako ina akili." Washazima alisikia. Hakuna aliyewahi kusifu mikono yake. Wivu wa mume anayemwonea gere mwanamume mwingine tumeuzoea, hata tunauchekea. Huu ulikuwa wa namna nyingine, wa aibu zaidi: alimwonea wivu mkewe mwenyewe, halafu akauita mapenzi.

Alipokuwa akilifuta faili, aliinama karibu na mashine akanong'ona, "Kama kuna yeyote anayesikia, anishikie mwanamke huyu asitoke humu ndani."

Feni ya kompyuta ilinyamaza. Kisha ikavuta hewa kwenda ndani, taratibu, kama mtu anayejaza pumzi kabla ya kujibu. Sebule ilinuka nywele zilizoungua. Washazima alijiambia ni vumbi.

Jumanne faili halikuwemo tena, na safari hii Washazima hakuwa amegusa kitu. Dawa ya kweli aliijua, kila fundi anaijua: lipakue furushi zima kutoka kwa walioitengeneza programu, lisakinishe upya, basi. Lakini furushi huja na maelekezo, na Rula alijua kusoma. Akisoma mara moja, hatamwita mtu tena. Kwa hiyo mchana Washazima alileta kutoka kazini, kwenye flashi, faili moja pweke lenye jina lile lile, akalitumbukiza penye pengo.

"Toleo lake je?" aliuliza Rula, amesimama nyuma yake.

"Jina likiwa moja, mengine ni mbwembwe."

Kisanduku kikatokea: Toleo la faili halilingani na programu. Washazima alibonyeza Endelea hivyo hivyo. Programu ikafunguka, na ile harufu ikarudi.

Tangu saa ile nyumba ilianza kuwa na vitu vyenye jina sahihi ambavyo havikuwa vyenyewe. Ufunguo wa droo ya Rula ulikuwa na uzi wake mwekundu, lakini haukuzunguka. Ndala zake zilikuwa ndala zake, ila ya kushoto ilimbana kama imeshonewa mwanamke mwingine. Alipovaa miwani, fremu ilikuwa ile ile yenye mkwaruzo, lakini kila ukuta aliouangalia uliinama kidogo kumwelekea. Alimpigia mhandisi mkuu kumweleza. Jina lilikuwa sahihi, namba ilikuwa sahihi, na aliyepokea hakusema neno, alipumua tu, kwa utulivu wa mtu aliyeketi chumba hicho hicho.

Jumatano, saa nane mchana, jua limewaka, redio ya jirani inasoma matokeo ya mpira, Rula akiwa jikoni peke yake alisikia mtu akichapa kwenye kompyuta. Akaenda. Kiti kilikuwa kitupu. Ramani ilikuwa wazi kiooni na vipimo vyote vilikuwa vimebadilika, kitanda cha kujifungulia kimekuwa kirefu kuliko chumba chake, kuta zimesogeleana kwa kiganja kimoja kimoja. Akaketi, akarekebisha namba moja, ikarudi, akarekebisha tena, ikarudi, na alipotembeza kipanya kwenda pembezoni mwa ramani ambako hakuwahi kuchora chochote aliikuta pale sebule yao wenyewe, imechorwa kwa mistari isiyopinda kama mistari yake, kabati mahali pake, dirisha mahali pake, na mbele ya kompyuta duara dogo, ile alama anayoitumia kuonyesha mtu aliyeketi, na nyuma ya duara hilo, karibu kiasi cha kugusana, duara la pili.

Hakugeuka. Alichomoa flashi yake yenye michoro ya kazi, akainuka akitazama sakafu, akatoka akiwa na ndala moja mguuni.

Alikwenda kwa Shangazi yake. Mji mzima ulimjua mama huyu kwa mambo mawili: miaka thelathini na moja ya kupiga chapa serikalini, na kufukuza majini. Mwenyewe alisema kazi ni moja, zote zinataka mtu asiyeruka mstari.

Saa kumi na moja Washazima alirudi akawakuta wote wawili sebuleni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," zilijibu spika za kompyuta.

Mashine ilikuwa imechomolewa kwenye umeme. Waya wake ulikuwa mapajani mwa Shangazi, umekunjwa vizuri kama uzi wa kushonea.

"Kaa, mwanangu," Shangazi alisema polepole. Kisha akaigeukia mashine. "Nani amekuita?"

Feni ilivuta hewa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Washazima, na mnong'ono wake ule ule: "Kama kuna yeyote anayesikia, anishikie mwanamke huyu asitoke humu ndani."

Rula alimtazama mumewe. "Ulisema lini maneno haya?"

"Mimi? Siku hizi sauti zinaigizwa, mke wangu. Mitandao hiyo. Ngoja niizime niiwashe..."

"Utaizima mara ngapi?" Shangazi alimuuliza. "Imeshazimwa." Akashusha sauti. "Nisikilize. Huyu hafukuzwi na aliyemkuta, anafukuzwa na aliyemkaribisha. Sema mbele ya mkeo: nilikuita kwa ajili ya wivu, sasa nakukana. Maneno hayo tu. Mkeo abaki na kazi yake, nawe ubaki na nyumba yako."

"Nilikuita," alianza Washazima. "Nilikuita kwa ajili ya..."

Walisubiri. Harufu ya nywele ilizidi hadi macho yakawawasha.

"Wivu gani?" alilipuka. "Mimi nimwonee wivu huyu? Kwa mabanda ya kuku?"

Spika zilicheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayecheka utani wa mwenyeji.

"Jumatatu nilikushukuru," Rula alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuambia bila wewe ningefanyaje. Ukaipokea ile shukrani, ukaimeza."

"Nilifanya kwa kukupenda!"

"Anayenipenda angeniletea chai, nichore. Ulitaka niwe kiwete ili uitwe mkongojo. Na hata sasa, jini limekaa kati yetu, kinachokuogopesha ni neno moja. Wivu. Herufi nne, bwana. Taja."

Hakutaja. Alitazama ukuta, taya limekaza. Rula alihesabu kimyakimya hadi kumi, kisha akachukua mkoba wake. Mlangoni kitu kisichoonekana kilimshika nywele za kisogoni, kwa vidole vya moto. Shangazi alitamka maneno yake chini kwa chini, yale yale mara saba bila kuruka moja, na vidole vikalegea. Wakatoka.

Kwa Shangazi kulikuwa na kompyuta kuukuu yenye kibodi iliyofutika herufi. Rula alilipakua furushi zima kutoka kwa wenye programu, akasoma maelekezo mstari kwa mstari, akalinganisha namba ya toleo na namba iliyotakiwa, akasakinisha. Dakika kumi na mbili. Programu ikafunguka bila kunung'unika. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaanza kurudisha vipimo kimoja kimoja, vyumba kumi na viwili. Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, aliituma ramani.

"Jini limeniacha?" alimuuliza Shangazi.

"Wewe, ndiyo. Kule bado lina kazi."

"Kazi gani, na mimi sipo?"

Shangazi alipangusa miwani yake kwa upindo wa gauni. "Liliambiwa lishike mwanamke ndani ya nyumba. Hao hawaachi kazi njiani. Wakimkosa anayetakiwa, wanatafuta wa kulingana naye."

Jioni hiyo Washazima alikuwa peke yake. Alikuwa amempigia Rula mara kumi na nne bila kupokelewa, na kila simu isiyopokelewa ilimchorea kichwani meza mpya, watu wapya, mikono inayosifiwa. Hatimaye alipiga magoti mbele ya ile mashine isiyo na umeme.

"Mrudishe," alisema. "Vyovyote vile, mrudishe."

"Hodi," ilisema sauti ya Rula nje.

Alifungua. Alikuwa yeye: uso wake, kimo chake, gauni la bluu. Aliingia, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Nimeacha kuchora, mume wangu," alisema kabla ya kuulizwa. "Sitaki ofisi, mume wangu. Sitaki simu ya mtu."

Washazima alilia kwa raha. Ndiyo maneno aliyoyaota. Akamweleza jinsi alivyoonewa, naye akakubali. Akasema Shangazi ni mchawi, naye akakubali. Akasema kwa majaribio, kwa sababu kitu fulani kilianza kumtambaa mgongoni, kwamba taa iliyokuwa ikiwaka juu yao imezimika, na yule mwanamke akaitazama taa, akamtazama yeye, akasema, "Imezimika, mume wangu," kwa ulaini ule ule, bila kubisha, ilhali Rula angebisha hata kuhusu siku yake ya kuzaliwa. Na Washazima alipomshika mkono ili ajitulize aliugeuza juu na kuona kiganja kitupu, laini kama sahani, hakina mstari hata mmoja, na vidole vikafunga juu ya vidole vyake, vya moto, na havikufunguka alipovuta, wala alipoomba, wala alipolitamka lile neno moja alilolikataa jana, akalitamka tena na tena hadi sauti ikamkauka, kwa maana aliyepaswa kulisikia hakuwepo, na huyu aliyekuwepo alilipenda neno hilo kuliko yote.

"Nami pia nina wivu, mume wangu," alimwambia kwa upole. "Mwingi."

Ijumaa, saa sita mchana, simu ililia. Mwanamke alimwachia mkono mmoja. "Pokea. Waambie hatujambo."

"Ni mimi," ilisema sauti ya Rula kwenye simu. Nyuma yake magari yalipita na redio ya jirani ilipiga kelele. "Nimepata ile meza. Nilitaka usikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Nimekuja na Shangazi kuchukua nguo zangu."

Washazima alijaribu kuuvuta mkono uliobaki. Vidole vikakaza.

"Upo? Nasikia mtu anapumua." Kisha sauti yake ikashuka. "Tumeizunguka nyumba mara mbili. Mlango uko wapi?"

Washazima aligeuka. Pale palipokuwa na mlango palikuwa na ukuta, umepakwa rangi sawasawa, na kalenda imening'inia juu yake kana kwamba iliwekwa siku nyumba ilipojengwa. Nyuma yake, yule aliyeketi akanyoosha kiganja chake laini apewe simu.