Kiti cha Nyuma cha Pikipiki ya Godhana

Bibi yangu Tuneya hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Hata mamba wa mto Tana yeye aliwafukuza kwa ndoo na matusi. Lakini mgeni akiegesha pikipiki mlangoni kwake, bibi alitoka kwanza akapapasa kiti cha nyuma kwa kiganja, ndipo akakaribisha watu ndani. Tulimcheka sana kwa hilo. Hatukucheka tena alipotueleza yaliyompata kaka yake wa tumbo moja, babu Godhana, miaka ya hamsini, hapa hapa Garsen.

Godhana alinunua pikipiki kwa Mzungu wa kuangamiza nzige aliyekuwa akirudi kwao. Siku hizo pikipiki ikipita, watu waliacha kula wakatoka kutazama. Mkewe Kibibi, binti wa Kipini, alikuwa kitandani mgonjwa, Godhana akamwahidi mbele ya watu: "Kiti cha nyuma hakikaliwi na mtu kabla yako. Nitakupeleka kwa mamako, Kipini nzima ikuone." Kibibi akafurahi, akaomba apakwe hina ya safari. Walimpaka mikono yote miwili, hata kile kidole chake cha mwisho cha kushoto, kifupi, kilichokatwa na mlango utotoni. Akafariki hina haijafifia.

Baadaye wazee wa Kipini walimpa Godhana mdogo wa marehemu, Mwanaarusi, ili ujamaa usikatike.

Mwanaarusi alikuwa mzuri, Mungu amrehemu, lakini wivu aliokuwa nao ungetosha kugawiwa mtaa mzima. Mke mwenza aliye hai mnagombana, mnapatana, kisha mnakaa kumsengenya mume. Huyu wake alikuwa kaburini, na wa kaburini huwezi kumshinda kwa mapishi. Godhana akisifu wali, Mwanaarusi alisikia "kama wa Kibibi." Godhana akinyamaza, alijua anamuwaza nani. Na asubuhi, kabla usingizi haujamtoka, mume alimwita kwa jina la dadake.

Alichokitaka ni kimoja tu: aingie Kipini amekaa nyuma ya mumewe, watu waone kwamba Godhana sasa ni wake.

Bibi Tuneya akamwonya. "Wifi, ahadi ile haikuzikwa. Acha Godhana atangulie Kipini peke yake, mama yenu akikalie kile kiti kwa niaba ya marehemu, isomwe Fatiha. Kisha ni chako." Ndivyo wakubwa wetu walivyofanya, mtu akifa na ahadi yake, mzazi humpokelea.

Mwanaarusi akacheka kwa pua. "Kila kitu atangulie yeye. Hata kiti?"

Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Asubuhi ya safari alijifunga leso mpya, akajitia udi, akapanda. Wakavuka mto kwa feri, wakashika njia ya Kipini. Alasiri, walipokaribia Kilelengwani, Godhana alisimama wanywe maji juu ya tuta. Aliporudi kuiwasha, pikipiki ikagoma. Akapiga kiki hadi shati likaloa jasho.

"Betri imekwisha moto," alisema. "Utanisukuma tuteremke hapa. Ikiwaka, kimbia urukie nyuma. Mimi sisimami. Nikisimama, itazima."

Akaweka gia, akabana klachi. Mwanaarusi akasukuma. Mara ya kwanza ilikwenda nyepesi, ikakohoa, ikazima. Wakairudisha juu ya tuta.

Mara ya pili haikusogea.

"Umeshika breki?" aliuliza Mwanaarusi.

"Sijashika kitu. Sukuma."

Akainua macho. Springi za kiti cha nyuma zilikuwa zimebonyea hadi chini. Juu ya kiti hapakuwa na mtu.

"Godhana," alinong'ona.

"Sukuma, mke wangu, jua linatuacha."

Akasukuma. Miguu ilizama vumbini. Harufu ya udi wake ikapotea, ikaja harufu ya hina mbichi. Gurudumu likazunguka. Injini ikakohoa. Ikawaka.

Mwanaarusi akakimbia. Akanyoosha mkono ashike kiti arukie.

Akashika goti.

Lilikuwa baridi. Lilijikunja kidogo, kama mtu anayempisha mwenziwe, kisha likamponyoka. Godhana akaondoka bila kugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, kama anayesikiliza neno kutoka nyuma. Halafu akacheka, kicheko ambacho Mwanaarusi hakuwahi kukisikia nyumbani kwake.

Mwanaarusi alitembea huku akilia. Mbele akakutana na Hirbo, mfugaji wa Kiorma aliyewafahamu, anarudisha ng'ombe.

"Wewe unatembea?" Hirbo alishangaa. "Mimi napita bwana yako hapo mbele. Iko na mama nyuma, nafunika uso. Mimi nasalimia, yeye hapana jibu." Akawatazama ng'ombe wake. "Hawa wote nakimbia porini. Pikipiki hapana ogopa. Mama ndiyo naogopa."

Jua lilikuwa linazama Mwanaarusi alipoingia Kipini kwa miguu, leso yote vumbi. Pikipiki ilikuwa mlangoni kwao, imezimwa. Mama yake alikuwa amesimama kando, kiganja juu ya kiti cha nyuma, machozi yanamtoka.

"Kina joto," mama alisema polepole. "Alishuka hapa. Nimeona kiti kikiinuka."

Godhana alikuwa ameketi barazani. Mwanaarusi akasimama mbele yake.

"Ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mikono iliponishika kiunoni."

"Na hukusimama?"

"Ningesimama ingezima."

Shati lake lilikuwa na alama mbili tumboni, viganja vya hina iliyo mbichi. Cha kushoto kilikuwa na kidole cha mwisho kifupi. Mwanaarusi alilifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Kitambaa kilichakaa, viganja vikabaki.

Betri mpya ililetwa kutoka Mombasa. Tangu hapo pikipiki iliwaka kwa kiki moja. Lakini kila Godhana alipotaka kwenda Kipini, bibi Tuneya alimwona akiinama, anachomoa waya wa betri kwa mkono wake mwenyewe. Kisha anamwita mkewe kwa upole.

"Mwanaarusi, njoo unisukume."

Na Mwanaarusi alikuja akasukuma, maana kukataa ni kukiri kwamba dadake amemshinda. Yeye ndiye pia aliyefua mashati kila mume aliporudi. Moja ninalo mimi, kwenye sanduku la bibi. Hina yake haijakauka.